Palazzo Madama (Torino)

Palazzo Madama ni jumba la kale lililosimama peke yake katikati ya Piazza Castello, uwanja mkuu wa mji wa Torino, kaskazini-magharibi mwa Italia. Anayelitazama kutoka magharibi huona jumba la mtindo wa Baroko: uso wa mawe meupe, nguzo ndefu na madirisha makubwa, kazi ya msanifu Filippo Juvarra iliyojengwa kati ya mwaka 1718 na 1721. Akizunguka hadi upande wa mashariki, jumba hilo halipo tena. Mbele yake kuna ngome ya matofali ya Zama za Kati, yenye minara mirefu pembeni na handaki chini yake. Ndani, kati ya sura hizo mbili, yamefumbatwa mabaki ya lango la mji lililojengwa na Warumi. Ni majengo machache barani Ulaya yanayoonyesha miaka 2,000 ya mji mmoja katika eneo ambalo mtu hulizunguka kwa dakika chache.

Jina lake linatokana na cheo cha Madama Reale, ambacho walikitumia wajane wawili wa ukoo wa Savoia waliolifanya makazi yao: Christine wa Ufaransa na Maria Giovanna Battista wa Savoia-Nemours. Lisichanganywe na Palazzo Madama la Roma, makao ya Seneti ya Italia hivi leo, ambalo lilipata jina hilo kutokana na Margarete wa Austria, binti wa Kaisari Karl V. Wengi huyachanganya, na hawana kosa kubwa, kwa sababu jumba la Torino nalo liliwahi kuwa makao ya Seneti.

Lango la Warumi na ngome ya Acaja

Torino ilianza kama koloni la Kirumi lililoitwa Julia Augusta Taurinorum. Mitaa yake ilipimwa kwa mistari iliyonyooka, ikazungushiwa ukuta wenye malango manne. Lango la mashariki, lililoelekea mto Po, lilikuwa na minara miwili ya pembe nyingi, mmoja kila upande wa njia. Mwenzake wa kaskazini, Porta Palatina, bado limesimama wazi mitaa michache kutoka hapo, na minara yake ya pande 16 haijafunikwa na kitu. Anayetaka kuelewa kilichofichwa ndani ya Palazzo Madama aende kwanza akaitazame Porta Palatina. Barabara kuu ya Kirumi ya mashariki-magharibi nayo inatumika hadi leo: ndiyo Via Garibaldi, inayonyooka kutoka magharibi hadi kumfikisha mpita njia kwenye Piazza Castello.

Dola la Roma lilipoanguka, lango liligeuzwa kituo cha ulinzi. Katika karne ya 13 Torino iliingia mikononi mwa Guglielmo VII wa Monferrato, naye ndiye aliyeanza kulifanya ngome. Baadaye mji ukawa wa ukoo wa Savoia, na ngome ikawa ya tawi lake la Acaja. Mwanzoni mwa karne ya 15 Ludovico wa Acaja, mtawala yuleyule ambaye Chuo Kikuu cha Torino kilianzishwa katika zama zake mwaka 1404, aliipanua kuelekea nje ya ukuta wa zamani. Aliipa umbo la mraba, akaweka ua katikati, na minara minne pembeni: miwili ya Warumi upande wa mji, na miwili mipya upande wa mashariki. Alifariki mwaka 1418 bila kuacha mrithi, tawi la Acaja likakatika, na ngome ikarudi kwa tawi kuu la ukoo.

Ngome hiyo ingeweza kabisa kuishia kuwa boma la mji mdogo wa pembezoni. Kilichobadilisha mambo ni uamuzi wa Duke Emanuele Filiberto wa kuhamisha makao makuu ya Savoia kutoka Chambéry, ng'ambo ya milima ya Alpi, hadi Torino mwaka 1563. Mji wenye makao makuu ulihitaji uwanja wa kuonyesha hadhi yake, na kuanzia mwaka 1584 msanifu Ascanio Vitozzi alianza kuupanga. Majengo yenye baraza za matao yakapanda pembeni, jumba jipya la watawala likajengwa upande wa kaskazini, na ngome ya zamani ikabaki katikati ya yote, bila matumizi ya kivita yaliyo wazi na bila aliyeamua kuiondoa.

Wajane wawili

Christine alikuwa binti wa Mfalme Henri IV wa Ufaransa na Maria de' Medici. Aliolewa na Vittorio Amedeo I wa Savoia mwaka 1619, na mumewe alipofariki mwaka 1637 alishika utawala kwa niaba ya watoto wake wadogo. Mashemeji zake hawakukubali. Kukazuka vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya waliomuunga mkono Madama na waliowaunga mkono wakuu hao, vilivyoendelea hadi mwaka 1642. Alishinda, akabaki na sauti kubwa katika dola hadi alipofariki mwaka 1663. Ndiye aliyeichagua ngome kuwa makazi yake, akaagiza ua wa katikati ufunikwe paa na vyumba vipambwe upya ili viweze kukaliwa na mtawala badala ya walinzi.

Mjane wa pili ndiye anayehusika na jumba la Baroko. Maria Giovanna Battista alizaliwa Paris mwaka 1644, akaolewa na Carlo Emanuele II, mwana wa Christine, mwaka 1665, akafiwa na mume miaka 10 baadaye. Mwanawe, Vittorio Amedeo II, alikuwa mtoto, kwa hiyo mama akatawala kwa niaba yake. Alipenda madaraka, tena waziwazi. Alijaribu kumwoza kijana huyo kwa binti wa mfalme wa Ureno, ndoa ambayo ingempeleka mwana mbali na kumwacha mama akitawala Torino. Mpango ulivunjika, na mwaka 1684 mwana alimwondoa mama yake madarakani. Tangu hapo aliishi karibu miaka 40 katika ngome ya zamani, hatua chache kutoka jumba la mwanawe, akiwa na cheo, watumishi na wageni, lakini bila mamlaka.

Kazi ya mawe meupe ilipoanza mwaka 1718, Madama alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Wanaoandika juu ya jumba hili huwa wanaupita upesi ukweli huo, wakaenda moja kwa moja kwenye nguzo. Lakini bila huo, jengo halieleweki. Aliyeondolewa kwenye utawala alijijengea mlango wa kuingilia uliopita kwa fahari milango yote ya uwanja ule, ukiwemo wa mfalme.

Filippo Juvarra

Juvarra alizaliwa Messina, Sicilia, mwaka 1678, katika familia ya wafua fedha. Alisomea usanifu Roma kwa Carlo Fontana, kisha akajipatia jina kwa kubuni mandhari za jukwaa katika ukumbi wa maonyesho wa Kardinali Pietro Ottoboni. Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo wasanifu wengi wa majengo hawakulijua kwa kina: jinsi macho ya watu yanavyoongozwa na mwanga, na jinsi nafasi ndogo inavyoweza kuonekana kubwa.

Vittorio Amedeo II alipata taji la Sicilia mwaka 1713 kwa mapatano ya Utrecht. Alipokwenda kukitembelea kisiwa chake kipya alikutana na Juvarra, na mwaka 1714 msanifu huyo akahamia Torino. Mfalme alilazimika kubadilishana Sicilia na Sardinia mwaka 1720, ila Juvarra alibaki naye. Katika muda wa miaka 20 hivi alibadilisha sura ya mji na vitongoji vyake: kanisa la Superga juu ya kilima, jumba la kuwindia la Stupinigi, kazi kubwa katika majumba ya Venaria na Rivoli. Alifariki Madrid mwaka 1736, alikokuwa ameitwa na mfalme wa Hispania.

Uso wa magharibi

Kwa Palazzo Madama, Juvarra alikusudia jumba zima jipya ambalo lingeimeza ngome. Kilichojengwa ni sehemu ya mbele tu: uso wa magharibi, sebule ya chini na ngazi. Alitumia mawe meupe ya bonde la Susa, magharibi mwa Torino, katika mji ambao majengo yake mengi, hata ya watawala, ni ya matofali. Weupe huo peke yake ulikuwa tangazo.

Uso umegawanyika katika tabaka zinazosomeka kwa urahisi. Chini kuna msingi mzito, mawe yake yamekatwa kwa mifereji ili yaonekane yamebeba mzigo. Juu yake ndipo penye ghorofa kuu, yenye madirisha marefu ya tao na madirisha madogo juu yao. Nguzo ndefu zenye vichwa vya majani zinapanda kutoka kwenye msingi hadi juu kabisa; katikati ni nguzo kamili zilizotokeza mbele, na pembeni ni nguzo bapa zilizoshikana na ukuta. Mwisho kuna ukingo wa vinguzo vifupi, uliopangwa vyombo na sanamu. Sanamu na nakshi za silaha za vita ni kazi ya Giovanni Baratta, mchongaji wa Carrara. Paa halionekani kabisa kutoka chini, na hilo ni jambo ambalo Juvarra alilichukua kutoka upande wa bustani wa jumba la Versailles. Madama mwenyewe, mzaliwa wa Paris, bila shaka alilitambua.

Lakini kitu cha kutazama zaidi ni madirisha. Kwa jengo la mwanzoni mwa karne ya 18, sehemu iliyoachiwa vioo ni kubwa kupita kawaida. Ukuta umebaki mwembamba, karibu ni nguzo na mwanga tu. Sababu yake haijulikani kwa anayesimama nje. Inabidi uingie.

Ngazi

Nyuma ya uso huo hakuna vyumba vya kulala wala kumbi za karamu. Upana wote wa jengo, kutoka pembe hadi pembe, na kimo chake chote, vimetolewa kwa ngazi. Zinaanza mbili, moja kushoto na nyingine kulia mwa sebule ya chini, zinapanda zikitazamana kwa ulinganifu kamili, na kukutana tena juu katika ukumbi wa katikati ulio nyuma ya yale madirisha makubwa. Vidato vyake ni vipana na vifupi. Mtu hapandi kwa kuinua goti. Anatembea tu huku sakafu ikimwinua, na hata mwenye vazi refu la sherehe angepanda bila kutazama miguu yake. Juu kuna dari la tao, kuta zimepambwa kwa lipu iliyofinyangwa maumbo ya maua, makombe na shada, yote kwa rangi nyeupe, ili mwanga unaoingia magharibi usizuiliwe na kitu.

Hapa ndipo mbunifu wa majukwaa anapoonekana. Mgeni wa Madama aliingia kutoka uwanjani kupitia sebule yenye kivuli, akageuka upande, akaanza kupanda, na kila hatua ikamwongezea mwanga hadi alipofika juu na kuuona uwanja wote chini yake. Naye aliyesimama uwanjani, hasa jioni taa zikiwashwa, aliona kupitia vioo watu wakipanda na kushuka. Ngazi zilikuwa njia ya kuingilia, na wakati huohuo zilikuwa onyesho. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, hakuna ngazi za Italia za wakati huo zinazozipita hizi kwa utulivu wa hesabu zake na wingi wa mwanga wake.

Kazi ilisimama mwaka 1721 na haikuendelezwa. Madama alifariki mwaka 1724, na Juvarra tayari alikuwa na majengo mengine ya mfalme mikononi. Pale Rivoli pia aliacha jumba lisilokamilika. Athari ya kazi kusimama inaonekana vizuri kwenye ubavu wa Palazzo Madama, kaskazini au kusini: mawe meupe yanakunja kona, yanaendelea kwa upana wa ngazi, kisha yanakatika ghafla, na matofali ya ngome yanaanza hapohapo bila kipande chochote cha kulainisha mpito huo. Wako wanaolihesabu hilo kuwa dosari. Ukweli ni kwamba kama Juvarra angepewa fedha na miaka ya kutosha, ngome ya Acaja ingebomolewa au kuzikwa, na minara ya Warumi pamoja nayo. Kutokamilika kwa mpango wake ndiko kulikookoa kila kilichokuwa nyuma.

Kutoka jumba hadi Seneti

Wafaransa walipoitawala Piemonte mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, majengo yaliyoliunganisha jumba na makazi ya kifalme upande wa kaskazini yalibomolewa. Tangu hapo Palazzo Madama limesimama likiwa huru pande zote nne. Utawala wa Savoia uliporudi, jumba lilipewa kazi mbalimbali. Mwaka 1822 kituo cha kutazama nyota kiliwekwa juu ya mnara mmojawapo, chini ya mwanahisabati na mwanafalaki Giovanni Plana; kilikaa hapo hadi mwaka 1912 kilipohamishiwa kilima cha Pino Torinese, mbali na taa na moshi wa mji. Mwaka 1832 Mfalme Carlo Alberto alifungua humo mkusanyo wa picha za kifalme ili raia wautazame. Mkusanyo huo ndio asili ya Galleria Sabauda ya leo.

Mwaka 1848, mwaka wa maasi karibu kila pembe ya Ulaya, Carlo Alberto aliwapa raia wa Ufalme wa Sardinia katiba. Bunge lilifunguliwa tarehe 8 Mei mwaka huo. Wabunge wa kuchaguliwa walikutana Palazzo Carignano, jumba lingine la Baroko lililo karibu, lililojengwa kwa matofali na Guarino Guarini. Maseneta, ambao waliteuliwa na mfalme, walipewa ukumbi katika Palazzo Madama. Ngazi za mjane asiye na mamlaka zikawa sasa zinapandwa na watu wa dola. Humo ndimo Seneti ilipopitisha, tarehe 26 Februari 1861, muswada wa kumpa Vittorio Emanuele II cheo cha Mfalme wa Italia. Palazzo Carignano lilifuata tarehe 14 Machi, na tarehe 17 Machi ufalme mpya ukatangazwa. Torino ilibaki makao makuu ya Italia kwa miaka michache tu. Mwaka 1865 Serikali na Bunge vilihamia Firenze, na baadaye Roma, ambako maseneta walijikuta tena katika jumba linaloitwa Madama.

Sanamu za uwanjani

Sanamu tatu zinalizunguka jumba. Mbele ya uso wa Juvarra yupo askari wa Jeshi la Sardinia aliyeshika bendera, kazi ya Vincenzo Vela, iliyotolewa na watu wa Milano wakati mji wao ungali chini ya Austria. Kwa kuwatukuza askari wa Torino, walikuwa wanasema hadharani ni jeshi la nani walilolitarajia liwakomboe. Upande wa kusini kuna mnara wa askari wapanda farasi, wa Pietro Canonica.

Upande wa mashariki, mbele ya ngome, kuna mnara wa mwaka 1937 wa Emanuele Filiberto, Duke wa Aosta, kamanda wa Jeshi la Tatu la Italia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kulijua jina hilo. Mwanawe Amedeo, mzaliwa wa Torino aliyerithi cheo hicho, alikuwa mwakilishi wa mfalme katika koloni la Afrika Mashariki ya Italia. Alijisalimisha kwa Waingereza huko Amba Alagi mwezi Mei 1941, akaletwa Kenya akiwa mateka wa vita, akafariki Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Amezikwa Nyeri, katika kanisa la ukumbusho la Waitalia.

Makumbusho

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 msanifu Alfredo d'Andrade, Mreno aliyefanya kazi nyingi Piemonte, alichimba na kufichua mabaki ya lango la Kirumi, na kuondoa sehemu ya nyongeza zilizoiziba ngome. Baada ya hapo jumba halikutazamwa tena kama ganda la kizamani lililojificha nyuma ya uso mzuri. Mwaka 1934 Makumbusho ya Mji ya Sanaa ya Kale yalihamishiwa humo.

Mwaka mmoja baadaye, yaani 1935, yalipata hazina mbili kutoka mkusanyo wa ukoo wa Trivulzio wa Milano. Ya kwanza ni picha ya mwanamume iliyochorwa na Antonello da Messina mwaka 1476: sura iliyogeuka kidogo, nyusi moja imepanda, macho yanamkazia mtazamaji kana kwamba ndiye anayehojiwa. Ni jambo la kupendeza kwamba mchoraji wake ni mtu wa mji uleule alikozaliwa Juvarra. Ya pili ni kurasa za kitabu cha sala kiitwacho Saa za Torino na Milano, zenye michoro midogo ambayo baadhi yake wataalamu wengi huihusisha na Jan van Eyck. Sehemu nyingine ya kitabu hicho iliteketea katika moto wa maktaba ya Torino mwaka 1904, na hasara hiyo inazipa kurasa zilizobaki uzito wa pekee. Yapo pia makabati ya fundi Pietro Piffetti, yenye nakshi za pembe za ndovu na gamba la kasa, ambayo yanamrudisha mtazamaji kwenye karne ya Juvarra.

Jumba lilifungwa mwaka 1988 kwa ajili ya ukarabati ambao ulichukua muda mrefu, likafunguliwa tena kikamilifu mwaka 2006. Mwaka 2011 sehemu ya handaki ilipandwa bustani ya mtindo wa Zama za Kati, yenye mboga, miti ya matunda na mitishamba. Makumbusho yamepangwa kufuata jengo lenyewe: chini kabisa, penye misingi ya Kirumi, pamewekwa mawe yaliyochongwa ya Zama za Kati, ghorofa kuu, katika vyumba vya Madama, ina picha na samani za Baroko, na kutoka juu mnarani mgeni anaiona Via Garibaldi ikinyooka kuelekea milima ya Alpi. Tangu mwaka 1997 Palazzo Madama limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na majumba mengine ya ukoo wa Savoia.